Dada Yetu wa Gari la Mkate

Ndugu na jamaa, majirani, na ninyi mliosimama nyuma kwa kukosa viti: nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu kwa sababu mimi ndiye mdogo wake pekee aliyebaki, na kwa sababu watoto wake wamesema sauti zao hazitafika mwisho. Nitasoma polepole. Yeye asingependa, angeniambia nifupishe, watu wana safari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya maji, mtoto wa pili wa mlinzi wa mitambo hiyo na mkewe, aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali. Mlango wa nyumba yetu ulitazamana na ukuta wa tangi, na mama alipenda kusema labda ndiyo sababu mtoto huyu hakutaka kukaa ndani. Akiwa na umri wa miaka minne alipotea asubuhi moja. Baba alimkuta stendi, ameketi kiti cha mbele cha basi lililokuwa limeng'olewa injini. Alipoulizwa anafanya nini, alisema anasubiri liondoke. Tangu siku hiyo mama akamwita Kiguu na Njia, na jina likamganda hata walimu wakalitumia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Somo alilolipenda lilikuwa jiografia. Alilolichukia ni upishi, kwa maelezo kwamba ukipika ni lazima usubiri. Alitaka kujifunza kuendesha malori. Baba hakumkataza, alicheka tu, na kicheko kile kilimkata kuliko katazo. Akapelekwa chuo cha simu, akahitimu uopereta mwaka 1971.

Hivyo mtu asiyeweza kutulia akapewa kazi ya kukaa. Swichibodi yake ilikuwa katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya pili ya jengo la simu. Huko alichomeka na kuchomoa nyaya kutwa nzima, akiwaunganisha watu wa miji ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuitia machoni. Alituambia kwamba amesafiri kuliko manahodha wote, ila miguu ndiyo haijapewa taarifa. Mitambo mipya ilipoingia mwaka 1994, maopereta walipunguzwa, naye akahamia mapokezi ya hospitali, kwenye simu vilevile, hadi alipostaafu mwezi Juni 2011.

Swichibodi hiyo ndiyo iliyompa mume. Kulikuwa na mtunza ghala wa kiwanda cha unga aliyekuwa akiomba simu ya mbali karibu kila siku, kuulizia magunia. Siku moja nyaya za huko mbali zikaanguka kwa upepo. Dada akamwambia laini imekatika, ajaribu kesho.

"Najua imekatika," yule bwana akasema. "Mimi ndiye sijakata."

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Shemeji alikuwa mtu wa kiti kimoja na gazeti moja. Safari yake ndefu ilikuwa kutoka sebuleni hadi uani. Watu walijiuliza wataishije, lakini wao walikuwa wamekwisha kupatana: siku za mapumziko mke angepanda basi aende apendako, na mume angekuwepo akirudi. Alimkuta daima, miguu juu ya stuli, akiuliza huko kumenyeshaje. Shemeji alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Oktoba 2010. Dada aliendelea kwenda zake na mabasi kwa miezi kadhaa, kisha akaacha. Aliniambia kwenda siyo kazi. Kazi ni kurudi kwenye nyumba isiyokuuliza kitu.

Na nyumba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Mwenye nyumba wa zamani alipofariki, mwanawe akapandisha kodi. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwenda kwenye madeni ya matibabu ya shemeji, na pensheni ilikuwa ikiingia asubuhi, jioni haipo. Dada alijaribu kila njia. Aliuza friji, akazima taa mapema, akaacha nyama. Mwaka 2013 alishindwa, akahamia kwa mwanawe.

Nasema haya hadharani kwa ruhusa ya mwanawe na mkewe, kwa sababu maneno yamesemwa mengi. Hawakumtesa. Mkwewe alimpa chumba chenye dirisha, alimwamkia kwa adabu na hakumwachia hata kikombe kimoja cha kuosha. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu aliyefanya kazi miaka arobaini alikaa kitini akiletewa vitu kama mgonjwa. Akaanza kwenda kukaa ndani ya gari la mwanawe lililoegeshwa uani, mikono kwenye usukani. Baada ya miezi mitano akahamia kwa binti yake, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na huko akavumilia hadi mwaka ulipogeuka.

Kumbe muda wote huo alikuwa akijifunza udereva. Mwalimu wake alikuwa kijana mpole aliyemwita bibi, akimkumbusha kila kona kwamba breki ni ile ya katikati. Dada alifeli mtihani mara mbili kwa kwenda kasi, wa tatu akafaulu. Kisha ikatokea kiwanda kidogo cha mkate kinafungwa na kinauza magari yake ya kusambazia. Dada akauza kabati, makochi na kitanda chake cha ndoa, akanunua moja. Tarehe 22 Februari 2014 alilileta kwenye karakana yangu. Mimi ni seremala. Akasema, "Nipimie kitanda humu."

Nilimtengenezea kitanda chenye droo chini, meza ya kukunja na rafu zenye ukingo ili vyombo visikate roho kwenye matuta. Jiko la gesi likakaa nyuma ya kiti cha dereva, madumu ya maji kando ya mlango. Nilitaka kupaka rangi upya, maana ubavuni kulikuwa na picha ya mkate mkubwa unaofuka moshi. Akakataa, rangi ni ghali. Matokeo yake ni kwamba popote alipoegesha, watu waligonga asubuhi wakitaka mkate. Jibu lake lilikuwa moja: mkate umekwisha, chai ipo. Wengi waliondoka wakicheka. Baadhi walikunywa chai, na wachache kati yao wapo hapa leo.

Binti yake hakucheka. Alikuja karakana akiwa bado na vumbi la chaki mikononi, akamwambia mbele yangu, "Mama, watu watasema tumekutupa."

Dada akasema, "Waambie nimetoka mwenyewe. Aliyetupwa haondoki na funguo."

Mtoto akageuka akaenda zake. Walinuniana kwa muda mrefu.

Sitaki kuwapambia watu maneno. Maisha ya gari si hadithi ya kuchekesha. Bati la juu lilichemka mchana hadi mshumaa ukapinda, na mvua ikinyesha hakuweza kusikia hata mawazo yake. Alioga katika bafu za stendi, kwa foleni, na ndala zake mkononi zisiibwe. Alipokuwa akianza kuzoea mahali, mlinzi angegonga kioo kwa rungu: mama, hapa haparuhusiwi. Basi anahama. Nyuma ya soko, kando ya uwanja wa mpira, mbele ya ghala, na kurudi nyuma ya soko. Nilimuuliza kama ndiyo safari aliyokuwa akiitaka tangu utoto. Alifikiri kidogo, akasema kuna siku ndiyo, na kuna siku ni kufukuzwa tu kwa injini. Lakini nilipomwambia chumba cha nyuma ya karakana kiko wazi, alisema atakifikiria, na asubuhi gari halikuwepo.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia na pensheni haijaingia, alikuwa na vitu viwili vya kununua na fedha ya kimoja tu: dizeli na dawa za presha. Alianza kuvikata vidonge nusu. Hakumwambia mtu. Aliyegundua ni rafiki yake, mshona nguo mstaafu, naye mjane, aliyekuwa akilala kwenye gari dogo la abiria wanne nyuma ya soko, magoti kidevuni. Dada alimkaribisha garini kwake wakati wa masika, wakalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwenzake. Mshonaji akaona kile kisu kidogo na vidonge vilivyopasuliwa. Akamgombeza, na dada akamjibu kwamba gari lisilo na mafuta ni chumba, na chumba alishakikimbia. Tulipata habari hii tukiwa tumechelewa.

Tarehe 11 Agosti 2021 alipata kiharusi akiwa anafunga mlango wa nyuma. Mkono na mguu wa kushoto vililegea. Hospitalini karani alipomuuliza anaishi wapi, alijibu kwa ulimi mzito kwamba inategemea ameegesha wapi. Ulimi ulirudi, mkono ukarudi nusu. Mguu haukurudi, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Gari likasimama karakanani kwangu, naye ndani yake, akizungusha redio kutoka stesheni hadi stesheni bila kumaliza wimbo.

Binti yake akaja. Nilijua alichofuata: amemwandalia mama chumba, na safari hii hatakubali kukataliwa. Alipanda garini, wakafunga mlango, na kwa muda mrefu mimi nilipiga randa ubao uliokwisha kulainika. Alichonisimulia baadaye ni hiki. Alimuuliza mama yake kuhusu vidonge. Mama hakukana. Akasema, "Niliogopa kusimama, mwanangu. Nikisimama namwona baba yako hayupo." Binti alilia. Kisha akatoka nje, akazunguka mbele, akaingia mlango wa dereva na kuniomba funguo.

Nikasikia akiuliza, "Tunakwenda wapi?"

"Twende kwanza."

Tangu hapo dada alilala kwa binti yake siku za shule, akizilalamikia kuta zote nne. Jumamosi na Jumapili walikuwa barabarani, mama kiti cha abiria, akimkumbusha mwalimu wa hesabu kwamba breki ni ile ya katikati. Walifika bwawa la maji ambalo baba yetu alililinda kwa mbali maisha yake yote bila kuliona. Walifika mji ambao dada aliuunganisha kwa simu maelfu ya mara, wakakuta ni barabara moja na kituo cha mafuta. Alitaka waupite tena, kuhakikisha. Mshona nguo naye alikwenda nao mara nyingi, akiwa amelala kitandani nyuma, miguu imenyooka.

Mwezi Machi mwaka huu moyo ulianza kuchoka. Alilazwa tarehe 2 Aprili. Wauguzi watatuwia radhi: aliomba ahamishiwe kitanda cha dirishani, kisha cha katikati, na mwisho cha mlangoni, ambako upepo ulikuwa mwingi na kila mtu alipita. Hapo akasema panafaa. Jioni ya tarehe 6 alimuuliza binti yake ameliegesha wapi gari. Nje, mama, kivulini.

"Nenda ukawaulize kama panaruhusiwa," akasema.

Binti akaenda. Mlinzi akamwambia panaruhusiwa, wakae tu. Alirudi kumpa mama majibu, na mama akaitikia kwa kichwa. Alifariki alfajiri ya tarehe 7 Aprili, binti yake akiwa amemshika mguu wa kushoto, maana ndio uliokuwa baridi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi waliogonga kioo kwa upole, na wote waliotoa mahali pa kuegesha bila kuuliza hadi lini. Watoto wamekubaliana kwamba gari linabaki kwa mshona nguo, na dizeli ni juu yao. Ameomba tufute ile picha ya mkate. Tumemwambia azoee.

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume na mkewe, binti mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja ninayewasomea, na rafiki mmoja aliyeketi safu ya mbele pamoja na ndugu, kwa kuwa ndiyo nafasi yake.

Dada, Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani. Na wewe, tafadhali, safari hii ukubali kupumzika.