Aliyempandisha Bwana Ghorofa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha yake, naye mwenyewe aliacha wosia kwamba yasomwe yote bila kupunguzwa, na atakayekereka avumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Aprili 1953, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa mchimba visima na muuza mkaa, akawa mtoto wa maneno machache, hata mama akawa anatuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza mwaka 1967, kisha akaajiriwa kwa dobi kupiga pasi, na huko ndiko alikokutana na fundi wa lifti aliyeleta ovaroli zake kufuliwa, mtu mrefu, mcheshi, asiyegusa pombe, ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza. Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1974, wakajaliwa binti na mvulana, ambao wamekaa hapa mbele yenu.

Fundi huyo alihudumia lifti ya jengo la ghorofa saba la mtu ambaye mji mzima ulimwita Bwana Ghorofa, mwenye majumba, mwenye magari, na mwenye kauli ya mwisho hata mahakamani, na mara nyingi alirudi nyumbani akimweleza mkewe kwamba breki ya lifti imekwisha, ikisimama inateleza, na tajiri hataki kuibadilisha. Tarehe 12 Oktoba 1983, akiwa shimoni chini ya lifti hiyo, ikateleza, ikamlalia, akafariki papo hapo. Hata kabla hatujamzika, Bwana Ghorofa akatangaza kwamba fundi alikuwa amelewa, mlinzi wake akaapa kwamba alinusa pombe, hakimu akafunga kesi, na watoto wa dada yetu wakawa wanaitwa watoto wa mlevi njiani kwenda shule. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, na nasema wazi kwamba mpaka leo linatuuma.

Basi dada yetu akaona jambo ambalo wengine walilicheka tu, kwamba Bwana Ghorofa, na tumbo lake lile, tangu siku ya msiba alikuwa anapanda ngazi mpaka ofisini kwake ghorofa ya saba, akihema kama mvukuto, akisema ni mazoezi, huku akiwaapia wapangaji kwamba breki ni mpya. Februari 1984 akaenda kumwomba kazi ya kuendesha lifti ileile, akapewa upesi ili tajiri asifiwe kwa huruma yake, na watu wakamsema dada yetu vibaya, kwamba anakula sahani moja na aliyemuua mumewe. Alipakia wawili tu kwa safari, akasimama polepole kwenye kila ghorofa, akaijua lifti ile kwa nyayo zake, akangoja.

Siku yake ilifika tarehe 7 Machi 1986, Bwana Ghorofa alipokuwa anagombea umeya, akaalika waandishi wa habari, wapangaji, na yule hakimu, kwenye ukumbi wa juu. Asubuhi hiyo dada yetu aliwapeleka watoto kwa mama, akawakumbatia kuliko kawaida, akavaa gauni lake la harusi ya wifi, akaenda kazini. Wageni walipojaa pale chini, alikunja geti, akasema kwa sauti, "Mwenye nyumba kwanza, jamani, au anaikimbia lifti yake?" Watu wakacheka, kamera zikamulika, tajiri akakosa pa kutokea, akaingia.

Alimpandisha mpaka katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akazima mtambo, na kwa kuwa lifti ile ilizungukwa na nondo tupu, kila neno lilishuka mpaka chini. Lifti ikalia, ikateleza kiasi cha dhiraa moja. Dada yetu akakunja mikono akamuuliza, "Mume wangu alikuwa amelewa?" Tajiri akasema, "Washa, mama, tutakufa!" Akamjibu, "Mimi nimeshaaga kwetu. Nimekuuliza swali." Ikateleza tena, na hapo Bwana Ghorofa akapiga kelele, "Hakulewa! Breki ni ileile, aliniambia, nikakataa!" Hakimu alisikia, na mbele ya waandishi wale hakuwa na pa kuficha masikio. Dada yetu akawasha mtambo, akamshusha taratibu, akafungua geti, akamwambia, "Umefika, bwana." Alitoka suruali imelowa, na hilo pia marehemu aliagiza lisomwe.

Kesi ilifunguliwa upya, mlinzi akakiri uongo, tajiri akafungwa miaka sita, jengo likauzwa, na dada yetu akaendelea kuendesha lifti hiyo, sasa ikiwa na breki mpya, mpaka alipostaafu mwaka 2008.

Alianza kuugua figo mwaka 2021, akatibiwa kwa muda mrefu, na kiongozi wa dini alipomuuliza kama amemsamehe adui yake, alisema, "Hilo nimemwachia Mungu, yeye ana nafasi." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliopika na kukesha nasi, na waendesha lifti wenzake waliobeba jeneza. Bwana Ghorofa, ambaye bado yu hai na ni mzee sana, alimtuma mwanawe jana kuomba nafasi ya kusema neno la rambirambi hapa, na familia imekataa, kwa sababu neno lake tulishalisikia, lilitoka kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na linatutosha.

Dada, kalale ubavuni mwa mumeo asiye mlevi. Pumzika kwa amani.