Graveur ya Térence

Benchi letu lilikuwa mtaani Gasenyi, mbele ya mlango wa Jovithe, mama wa kahawa, na katika miaka ile ya vita lilikuwa na sheria moja: bunduki zikianza kulia upande wa mlimani, hakuna anayeinuka kabla ya kumaliza kikombe chake. Hatukuwa mashujaa. Tulichoka tu kuacha kahawa ikiwa moto. Pale alikaa Anselme, karani wa wizara, tuliyemwita Minisita kwa sababu hata akiomba sukari aliongea kama anasoma tangazo la serikali. Alikaa Namegabe, mtu wa Bukavu, muuza vipuri, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Dubai, ingawa Dubai kwenyewe hajafika. Na mimi ninayesimulia.

Siku hiyo alikuja Térence, jirani yetu, akatuuliza anunue graveur gani. Graveur ni ile mashine ya kuchoma nyimbo kwenye CD, na mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Térence alikuwa na kompyuta ya mtumba nyumbani, na humo ndani alikuwa amerekodi nyimbo za kwaya yake.

Kwaya ile ilikuwa na Wahutu, Watutsi na Wakongomani, wakati mitaa mingine ilikuwa imeshagawana watu kama nyama. Wapo waliowatumia maneno kwamba waachane. Hawakuachana. Halafu Prodige, kijana wa Uvira aliyekuwa akianzisha nyimbo zote, akapigwa risasi njiani akirudi kutoka mazoezini. Aliyempiga hatumjui hadi leo. Mazoezi yakasimama. Sauti ya Prodige ikabaki kwenye ile kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa imeanza kugongagonga ndani. Redioni walimwambia Térence kwamba kaseti yao ina kelele kama mvua juu ya mabati. Alete CD, wataipiga. Ndiyo maana alitaka graveur, tena ya bei ya mtu wa kawaida.

Minisita alisema achukue yenye kasi kuliko zote, mpya, kwenye sanduku lake. Nikamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka.

— Ile methali, akasema Minisita, ilitungwa na watu ambao kwao courant ya umeme haikatiki.

Hapo alinishinda. Lakini Dubai alikataa kabisa. Yeye alitaka ile ya nje, inayounganishwa kwa waya, kwa sababu siku ya kukimbia unaiweka kwapani unaenda. Ya ndani, alisema, ni ya mutu mwenye nyumba, na sisi wote tuko watu wa mabegi. Térence akamjibu taratibu kwamba tundu la kompyuta yake ni la zamani, nyimbo zingepita tone kwa tone. Tena yeye hakuwa na mpango wa kukimbia.

Dubai alipoona anashindwa, akapanda juu zaidi. Akasema ndani ya graveur kuna mwali mwekundu, ndugu wa ule unaoongoza mabomu, na wale wa mlimani watauona ukitoka kwenye bati la Térence. Minisita akampita. Akatueleza kwamba kitu kikichomwa kinahama. Wimbo ukishachomwa kwenye CD, kwenye kompyuta haubaki. Akamalizia kwa sauti ya wizara: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani mgeni, nani mwenyeji, hatukuelewa, na yeye hakufafanua.

Térence hakucheka.

— Kama inahama, ihame mbio, akasema. Mutu wameisha kumuchukua. Sauti, apana.

Jovithe akatujazia vikombe bila kuulizwa.

Jumatatu tulikwenda wote Asiatique, mtaa wa maduka. Muuzaji akatuonyesha zile zinazong'aa kwanza. Térence akamuuliza jambo moja tu: kompyuta ikiwa mzee, ikachelewa kuleta wimbo, hii mashine itaisubiri au itaharibu CD? Ile ghali ilisubiri. Ya rahisi kabisa haikusubiri. Ila nyuma ya rafu kulikuwa na moja ya ndani, ya kasi ndogo, ya kampuni ambayo hata Dubai hakuijua, nayo ilisubiri. Dubai akabishana bei mpaka muuzaji akachoka uso, akatuachia.

Tuliifunga nyumbani kwa Térence mchana ule ule. Kumbe kuisubiri kompyuta ni kitu kimoja, na kuusubiri umeme ni kingine. CD ya kwanza ilifika katikati, umeme ukakatika, ikafa. Uliporudi tukaweka ya pili, nayo ikafa vilevile. Minisita akashauri jambo hili liahirishwe mpaka amani irudi.

— Ikatike, akasema Térence. Nitaweka ingine.

Akaweka. Tulikaa tumeitazama ile taa ndogo. Mwishoni mdomo wa mashine ukafunguka, CD ikatoka ikiwa na joto. Tulipoipiga, Prodige akaanzisha, na kwaya ikampokea. Minisita akainama kwenye kompyuta kuangalia kama wimbo bado uko. Ulikuwepo. Nilimwona akifuta macho.

Jumapili mchana redio ikaupiga. Jovithe aliweka ya kwake dirishani, jirani akafungua yake, na aliyefuata akafungua yake, mpaka sauti ya Prodige ikawa inapita mtaani nyumba kwa nyumba. Kule mlimani bunduki zililia kidogo. Watu wakaongeza sauti za redio.

Ndipo akatokea Mama Prodige. Jina lake ni Irène, lakini hakuna aliyemwita hivyo, na tangu mazishi hakuwa ametoka kwenye kiwanja chake. Minisita akasimama akampa nafasi.

— Karibu, Mama Prodige.

Hakukaa. Alisikiliza akiwa amesimama mpaka wimbo ukaisha, mkono wake ukiwa juu ya bega la Térence. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Ni muzuri, akasema. Sasa nyimbo ataanzisha nani?

Minisita akachungulia kikombe chake. Dubai akakohoa. Térence akaanza kueleza habari za usalama, akaacha katikati, kwa sababu macho ya yule mama hayakumwachia.

Jovithe alikuwa anafuta termosi. Akaiweka chini.

— Mi sauti yangu si muzuri, Mama Prodige. Lakini ni kubwa.

Mama Prodige akamgeukia.

— Inatosha, akasema. Mazoezi Jumamosi, saa tisa. Na usichelewe.