Dereva wa Miaka Ishirini na Miwili, Kilomita Sifuri: Kumuaga Mzee Didas Rwechungura

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Didas Rwechungura atastaafu rasmi katika Kituo chetu cha Sanaa Tuamke, hapa Temeke, baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Aliajiriwa kama seremala wa jukwaa na anaondoka kama seremala wa jukwaa. Hapo katikati, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa dereva wa mashine ya wakati. Kosa la kumfanya dereva ni la mwandishi wa wasifu huu, yaani mie Wahiba Masoud wa Usafirishaji, na nalisema mapema ili wale wa meza za nyuma waache kunong'ona.

Mzee Didas alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, na hajawahi kumficha mtu jambo hilo. Alipokuja kwenye usaili mwaka 1994 aliwashauri wasailiwa wenzake waliokuwa kwenye benchi warudi tu makwao, wasije wakapigwa na jua bure. Nshomile wa kweli, Mhaya wa kujivunia kisomo! Wawili walirudi. Aliyebaki, Isack, ndiye askari wetu wa getini hadi leo, na inasemekana alibaki kwa sababu alikuwa amesinzia.

Kazi ya kwanza ya Mzee Didas ilikuwa jeneza la mchezo wa kuigiza. Alilipiga msasa na vanishi mpaka familia moja ya jirani, iliyokuwa na msiba wa kweli, ikaja kuliomba. Mzee Didas aliwapa pole, kisha akawaeleza kwa upole kwamba jeneza lile lina mlango chini wa mwigizaji kutorokea, na marehemu wao hangeuhitaji. Baadaye alitengeneza kiti cha enzi ambacho kilivunjika mgeni rasmi alipokikalia. Mpaka leo anashikilia kwamba kiti kilikuwa sawa, mgeni ndiye hakuwa sawa.

Mwaka 2003 aliagizwa kutengeneza mashine ya wakati kwa ajili ya mchezo kuhusu bwana mmoja aliyerudi kwenye siku ya harusi yake ili aikatae. Mzee Didas alichukua boksi la friji bovu, akatia ndani kiti cha kinyozi, akafunga usukani wa lori, saa tatu za ukutani na pangaboi juu ya paa. Akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye ukarabati wa choo. Mchezo wenyewe haukuchezwa, maana mwigizaji mkuu alihamishiwa Songea kikazi na mkewe akafurahi mno. Mashine ikabaki uani.

Mwezi uleule makao makuu ya shirika letu wakaagiza hesabu ya mali. Mie nilikuwa na wiki mbili kazini. Fomu ilikuwa na mafungu manne tu: majengo, samani, vifaa vya umeme na vyombo vya usafiri. Nikamuuliza Mzee Didas kitu kile kinafanya nini, naye akanijibu, kifua mbele, kwamba kinampeleka mtu kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Nyie mnaocheka, hebu semeni, mngekiweka fungu gani? Kinapeleka watu, nikakiandika chombo cha usafiri namba nne, baada ya pikipiki, pikapu na basi dogo.

Kumbe nimewasha moto. Chombo cha usafiri lazima kiwe na dereva, basi ikaja barua ya kumteua Mzee Didas. Dereva lazima awe na mafunzo, basi akapelekwa shule ya udereva ya kule anakoishi, Gongo la Mboto. Akafeli kurudi nyuma. Mtu ambaye baadaye angemrudisha mwenzetu mpaka mwaka 1961 alishindwa kurudisha pikapu kati ya mapipa mawili! Makao makuu walijadili wakaona si neno, maana chombo chake hakina gia ya namna hiyo. Chombo lazima pia kiwe na kitabu cha safari. Nami, kwa kuwa sheria ni sheria, nikakifungua: tarehe, jina la abiria, anakokwenda, sababu ya safari, muda wa kutoka, muda wa kurudi, kilomita, saini.

Hapo ndipo kituo chetu kilipopata uhai. Wa kwanza kupanda alikuwa Yustina, mwalimu wa ufinyanzi, ambaye kwa miezi minane alikuwa hajui afinyange nini, anazurura na udongo mkononi. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi, Mzee Didas akafunga mlango, akazitia saa zile ufunguo na kuwasha pangaboi. Kitabuni aliandika kwamba anakwenda Kilosa, mwaka 1983, jikoni kwa bibi yake, na sababu ya safari ni kuhesabu masikio ya chungu. Dakika kumi na mbili baadaye alitoka mbio bila kuaga mtu. Vyungu vyake vya masikio matatu ndivyo vile vilivyopangwa ukumbini mbele yenu leo.

Baada ya hapo foleni haikukatika. Hudhaifa, mtunzi wetu wa singeli, ule muziki wa mbio, aliomba kwenda mwaka 2060 akasikilize muziki unapiga vipi huko. Alirudi baada ya dakika nne, akatutangazia kwamba wenzetu wamechoka, wanacheza polepole, naye akatunga singeli ya polepole. Hakuna aliyewahi kuicheza, lakini ukimgusia anatoa machozi ya fahari. Lusungu, mchoraji, alikwenda kesho. Akarudi akasema ameiona picha yake imeshakamilika ukutani, kwa hiyo haoni haja ya kuichora, akajiendea nyumbani. Mkurugenzi wetu, Mama Apolonia, alimwandikia barua ya onyo na kuagiza kwamba safari yoyote ya mbele iidhinishwe na ofisi yake, kwa kuwa iko nje ya mwaka wa mpango kazi.

Isack naye hakukubali kupitwa. Kazi ya askari wa getini ni kujua nini kinaingia na nini kinatoka, akadai kila abiria aeleze karudi na nini. Nikaongeza safu kwenye kitabu. Someni wenyewe siku moja yaliyoandikwa humo: «nusu ya wimbo», «rangi ya doti ya khanga ya mama, ile iliyoungua», «harufu ya mafuta ya taa na mihogo», «ugomvi wa wajomba, nitauandikia tamthilia». Isack aliyagonga yote muhuri wa kuruhusiwa kuingia, isipokuwa mawili aliyoyaona ni ya kihuni. Michezo kumi na saba na maonyesho sita yametoka ndani ya kitabu kile. Hata mie nilikwenda mara moja, mwaka 2011, nikarudi na mlio wa cherehani ya marehemu baba yangu. Tangu siku ile ninaandika. Kabla ya hapo nilikuwa najaza fomu tu.

Katika safu ya kilomita Mzee Didas aliandika sifuri kila safari, bila kuruka hata moja. Mwaka 2016 makao makuu walimpa cheti cha dereva bora wa shirika zima: hana ajali, hana faini, hajatumia tone la mafuta. Madereva wa mikoani walinuna. Yeye alikibeba cheti mpaka Gongo la Mboto akakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake, na mkewe, Mama Vaileth, akampakulia ugali bila mboga siku tatu. Tukimwamkia asubuhi kwa jina la fundi hakuwa akiitika. Ukisema shikamoo dereva, marahaba yake inasikika mpaka barabarani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu. Mwezi Machi mwaka huu ililetwa barua kwamba kila chombo cha usafiri kilichozidi miaka ishirini kikakatwe vyuma chakavu kabla ya mwisho wa Juni, hasa kile ambacho dereva wake anastaafu. Namba nne ilikuwamo. Mzee Didas alisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akaenda kuipiga mashine msasa upya kana kwamba ina harusi. Chakula cha mchana hakugusa wiki nzima. Mie nilijua dawa ni moja. Nikawaandikia makao makuu nikakiri kosa langu la mwaka 2003: kile si chombo cha usafiri, ni kazi ya sanaa, naomba fungu libadilishwe.

Wakamleta mkaguzi, Bwana Elinaza, mtu mwenye adabu na kalamu nne mfukoni. Ili athibitishe kwamba si chombo cha usafiri, ilimbidi athibitishe kwamba hakimpeleki mtu popote. Njia pekee ilikuwa apande. Tulijipanga uani sote, hata Mama Apolonia, tunaomba kimoyomoyo mashine isifanye kitu. Ya Rabi, tuliomba!

Bwana Elinaza alitoka baada ya dakika kumi na moja, tai imekaa shingo upande. Aliomba kitabu akaandika: «Usangi, 1991, darasa la tatu. Sababu: ukaguzi. Nilichorudi nacho: wimbo wa mchakamchaka, wote.» Kisha akageuza fomu ya ukaguzi, akachora kwa nyuma kengele ya shule ya ringi ya gari ikining'inia kwenye mti, na mwalimu wa zamu chini yake kashika nondo. Alisema hajashika penseli ya kuchora tangu shule ya msingi. Halafu akatuangalia kwa huruma, akasema yeye ni mtumishi mwaminifu na hawezi kuandika uongo. Chombo kinapeleka. Kwa hiyo ni chombo cha usafiri, na kwa hiyo kikakatwe.

Akaongeza kwamba kanuni inaacha mlango mmoja: neno la dereva aliyekabidhiwa chombo lina uzito kuliko la mkaguzi. Dereva mwenyewe akithibitisha kwa saini yake kwamba chombo hakijawahi kufanya kazi, basi kitatoka kwenye usafiri na kubaki kituoni kama sanaa. Ila uteuzi wa dereva huyo utafutwa kuanzia siku ya kwanza, pamoja na tuzo zake.

Mnamjua Mzee Didas. Huyu ni mtu asiyewahi kukubali kwamba aligongelea hata msumari mmoja upande. Alichukua fomu, akaomba miwani, akakaa nayo peke yake bandani tangu adhana ya adhuhuri hadi ya alasiri. Nilipita mara tatu nikijifanya natafuta ufunguo wa pikapu. Mara ya tatu alikuwa ameshasaini. Fomu ilisema: «Mimi, Didas Rwechungura, ninathibitisha kwamba kifaa hiki hakijawahi kumfikisha mtu yeyote mahali popote.» Alinikabidhi, akaniuliza kama chai imebaki. Nililia, wala sioni aibu kusema.

Barua ya kufuta udereva wake ilifika wiki iliyofuata. Mama Vaileth alikileta cheti mwenyewe, amekifunga kwenye khanga mpya, akakiweka mezani kwangu taratibu. Aliniambia ukuta umebaki na alama nyeupe pale kilipokuwa, na mzee amekataa wasitundike kitu kingine. Mashine sasa ina lebo mpya na imesogezwa ukumbini, na kwa agizo la Mama Apolonia kiti cha kinyozi kitaendelea kukaliwa. Jana pale palikuwa na wanafunzi kumi na mmoja kwenye foleni, na mmoja wao alikuwa Bwana Elinaza, ambaye anakuja kila Alhamisi darasa la uchoraji.

Mzee wetu, najua unayasoma haya hapo meza kuu, na najua mdomo umeshaanza kukucheza. Kituo kinakushukuru kwa majukwaa, milango, ngazi, na hata kwa kile kiti cha enzi. Zaidi ya vyote kinakushukuru kwa karatasi ile, uliyokubali ikuandike mtu wa bure ili wengine waendelee kwenda. Uwe na afya, Mama Vaileth akutunze kama alivyokuvumilia, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Kumbukumbu za shirika zinasema hukumfikisha mtu popote. Watu mia tatu na kumi na wawili tumesimama leo ukumbini hapa, na kila mmoja wetu anajua alikofika.

Shikamoo, dereva.