Taa za Jikoni kwa Kufuli

Benchi letu liko nje ya kibanda cha dobi, pale mtaa unapokata kona. Jioni ile kahawa ilikuwa bado ya moto Kufuli alipokuja akakaa bila salamu. Tunamwita hivyo kwa kazi yake, kutengeneza kufuli na kuchonga funguo. Mkewe alikuwa ameungua mkono kwa mafuta, na haikuwa mara ya kwanza.

— Jiko langu lina giza, alisema. Nimechoka.

Breki, dereva mstaafu, akataka kujua balbu iko wapi. Katikati ya dari. Basi kosa ndilo hilo, akasema: mama akisimama kupika, taa inabaki mgongoni na kivuli chake kinaangukia sufuria. Afunge taa ndefu nyembamba chini ya rafu, pale anapokatia vitunguu. Bei yake nafuu, na haili umeme mwingi.

Kufuli alishaifunga taa hiyo.

Dobi akasema basi ni kuta, moshi umezila, apake rangi nyeupe. Alishapaka, Jumapili nzima, kwa mkono wake. Hapo kila mmoja akaanza kumzidi mwenzake. Dobi akataka vioo vibandikwe kila upande. Mimi nikasema umeme wa mtaa wetu unafika kwake umeshachoka. Breki akamtaka aezue bati kabisa, mvua ikija watajua la kufanya. Tukacheka. Kufuli hakucheka.

— Nimeweka taa mpaka jiko linawaka kama chumba cha upasuaji, alisema. Mimi nikiingia nafinya macho. Mke wangu ananiuliza mbona sijawasha.

Kisha Breki akaingia kwenye habari za nyaya, na dobi akambishia, wote wawili kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo akafika shemeji yake Kufuli, mdogo wa mkewe, ametoka safari, begi bado begani. Alituamkia, akasimama akitusikiliza na nyaya zetu. Mwisho akauliza taratibu:

— Shemeji, na mchana, akiwa nje uani, dada anaona?

Dobi akajifanya anatafuta kitu kibandani. Sote tukamwangalia Kufuli, naye alikuwa anaangalia viganja vyake.

— Juzi alikuwa anaanika nguo, alisema hatimaye. Anaziachia pembeni ya kamba, zinaanguka chini, yeye anachukua nyingine. Nilisubiri aingie ndani, nikaziokota nikazisuuza, nikazianika upya. Sikumwambia.

— Na yeye hajakwambia?

— Anasema jiko lina giza.

Shemeji alihamishia begi bega la pili, akashika njia ya nyumbani kwa dada yake peke yake. Kufuli alibaki nasi kwenye benchi.