Mama Aliponiita Mama

Bwana asifiwe, wapendwa. Na nyinyi wenzetu Waislamu mliokuja kutusikiliza Ijumaa ya leo, asalaam aleikum. Nimekaa kiti kile cha nyuma karibu mwaka mzima nikiwapigia wengine makofi wakitoa ushuhuda, na kiongozi akinitazama najifanya natafuta kiatu. Leo nimekosa pa kujificha. Naomba jambo moja tu: nikilia msinianzishie wimbo. Ningojeni nimalize.

Mnanijua, mimi ni yule askari wa mlangoni kwenye jumba la fleti kule Bur Dubai. Kazi yangu ni kuuliza. Jina lako? Fleti namba ngapi? Umekuja kumwona nani? Usiponijibu hupiti, hata ukiwa umebeba keki ya harusi. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Mama yangu alianza kusahau kabla sijaja huku. Mwanzoni tulicheka. Anatia chumvi kwenye chai, anatafuta kitambaa alichojifunga kichwani. Halafu siku moja akatoka asubuhi kupeleka majani ya chai kituoni, na ile chai yetu tulikuwa tumeing'oa miaka mingi. Tulimpata siku ya pili, hana viatu. Dada yangu mkubwa ana watoto sita na bwana asiyetaka hata kusikia habari za mama mkwe. Basi nikaamua Mama aende kwa masista, kwenye makao ya wazee, na mimi nije Dubai nitafute pesa ya kumweka pale. Ndugu zangu, mnajua mtu akimpeleka mzazi makao anavyosemwa kwetu. Shangazi yangu aliniuliza mbele za watu kama nimemtupa au nimemweka tu.

Siku ya kumwacha, Mama aliushika mkoba wangu. Hakujua pale ni wapi, lakini alijua naondoka. Akaniuliza, "Utarudi saa ngapi?" Nikamwambia, "Jioni, Mama. Narudi jioni." Akauachilia mkoba. Mimi nikaenda uwanja wa ndege.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Kwa hiyo tangu nizaliwe Mama hakuniita jina langu. Aliniita "maitu", yaani mama yangu. Maitu, lete maji. Maitu, nitakuchapa. Ilikuwa mapenzi na utani humo humo. Lakini ugonjwa ulipokomaa, utani ukaondoka. Nikipiga simu siku yangu ya mapumziko, na mnajua simu za video huku hazishiki, ni sauti tu, sista anamwekea sikioni, Mama anasema, "Maitu, umenisahau huku. Njoo unichukue." Anasema kwa sauti ya mtoto. Alidhani mimi ni nyanya yangu, ambaye tulimzika nikiwa darasa la tatu.

Na mimi nikafanya nini? Nikafanya kazi yangu ya mlangoni. "Mama, mimi ni nani? Nitaje. Mimi ni binti yako wa ngapi?" Kila Ijumaa. Yeye analia, nami narudia swali kwa sauti kubwa, nimesimama kwenye ngazi za kambi yetu ya wafanyakazi kule Muhaisnah watu wakinipita na ndoo zao. Niliogopa kwamba atakufa hanijui. Ndilo jambo pekee nililotaka duniani, anijue hata mara moja.

Ijumaa moja nikachoka. Aliposema tena njoo unichukue, nikamjibu, "Mama, wacha! Maitu wako alikufa. Tulimzika. Mimi ni binti yako."

Jamani. Alipiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia nikiwa kwenye lifti. Kwake, mama yake alikuwa amekufa dakika ile ile, na mimi ndiye niliyempa habari, kwa simu, bila hata kumwambia akae. Nikasikia kikombe kikianguka, sista akikimbia, na simu ikakatika.

Tangu siku hiyo akaanza kukataa chakula. Anakubali vijiko viwili, vitatu, vingine anatema. Nami nikaacha kupiga. Ijumaa ya kwanza nikasema niko duty. Ya pili nikasema kichwa kinauma. Ikawa miezi miwili. Sista akipiga, naiangalia simu mpaka inyamaze. Mkiniuliza hapa hapa, "Mama hajambo?" nawaambia hajambo kabisa, anawasalimu. Nilikuwa nawadanganya mkiwa na Biblia mkononi. Na kuna baya zaidi. Nilikuwa namwomba Mungu amchukue. Sikuomba apone. Niliomba khalas, iishe, nami nipumzike.

Halafu mchana mmoja wa Agosti nikamfungia mlango mzee anayeishi pale jengoni. Alisahau kadi yake. Namwona kila siku, hata mkate wake naujua, lakini nikamwambia hana kadi hapiti. Akasimama nje kwenye lile joto akinigongea kioo polepole, akisema, "Lakini unanijua. Unanijua mimi." Nilimwacha hapo mpaka supervaiza akaja. Nikapewa barua ya onyo, na nilistahili.

Nikajifungia kwenye stoo ya mafagio nikalia mpaka nikatapika. Aliyenikuta ni dada mmoja wa Kizanzibari anayefanya usafi pale. Yuko hapa leo, ananikazia macho nisimtaje. Nikamwambia yote. Nilitegemea pole. Yeye akakamua kitambaa chake, akaniuliza, "Hebu nambie, akikwita mama, wewe unapungukiwa nini?"

Nikasema, "Lakini si kweli."

"Mgonjwa anamtaka mamaake, na mamaake ana jina lako. Nenda kaitike. Yalla, nipishe, nataka ndoo yangu."

Ijumaa ile nikapiga. Sista akasema Mama hajaonja kitu tangu juzi. Akamwekea simu. Nikasikia pumzi tu, kisha, "Maitu? Ni wewe?"

Wapendwa, ulimi ulikataa. Nikaulazimisha. "Ni mimi, mwanangu."

"Walisema umekufa."

"Walikosea. Nilikuwa shamba, nikachelewa. Umekula?"

"Sijakula."

"Kula nikisikia."

Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Nikasikia akimeza. Akamaliza uji wote, nami nasema, "Kingine, mwanangu. Kingine." Nililia bila sauti, maana nyanya yangu hakuwa mtu wa kulia.

Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Siku hiyo nilijua khalas, mimi si mtoto wa mtu tena. Nilipomaliza simu nilikaa kwenye ngazi nikiona uchungu kama wa msiba, na aliyekufa ni mimi. Lakini alikula. Kila Ijumaa alikula.

Mwezi wa tano wa kufanya hivyo, alimaliza uji wake akaniita kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba ruhusa. "Maitu, nina msichana wangu. Alisema atarudi jioni. Ukimwona amechelewa, usimchape. Ni kazi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Sasa hasemi. Nasikia pumzi, naongea peke yangu. Kumeza kumeanza kumshinda, na daktari ameshawaambia masista wajiandae. Najua mtu akisimama hapa mnangoja aseme mgonjwa alipona. Mama yangu haponi.

Nawashukuru masista wanaomshikia simu mpaka mkono unachoka. Nawashukuru wenzangu wa chumba, mliokuwa mnatoka nje kila Ijumaa bila kuambiwa. Namshukuru yule mzee, aliyeenda mwenyewe kuomba barua yangu ifutwe, na bado ananisalimu. Na wewe dada wa ndoo, Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa.

Kama una mzazi wa hivyo, nakuomba, usimhoji mlangoni. Akikuita dada, akikuita marehemu, itika. Usingoje kama mimi mpaka apige yowe.

Likizo yangu imetoka. Wiki ijayo ndege inatua saa nane mchana, na kutoka uwanjani hadi kwa masista ni mwendo wa saa tatu hivi. Nimewaomba wanisubiri na uji wake. Sijui nitaingia kama mama yake au kama yule msichana, na huenda kwake haitakuwa na tofauti. Lakini nikifika itakuwa jioni.