Miaka Ishirini na Saba ya Mama Dakika na Wakalimani Wake

Mratibu wetu wa huduma za afya ya akili kwa wakimbizi waliopewa makazi mapya anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba kazini. Jina lake kamili liko kwenye barua za ofisi. Sisi tunamwita Mama Dakika, na huitika hivyo hata mbele ya wageni.

Alianza kama karani wa mapokezi, kituo kikiwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Alifungua mlango, akafagia, akachemsha maji ya chai, ndipo akaketi kuandikisha watu. Mwaka wa pili, aliyekuwa akiandika maombi ya ufadhili aliacha kazi ghafla, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya mwisho wa kuyatuma. Mkurugenzi akamuuliza kama anaweza kujaza fomu. Akajibu kwamba fomu ni maswali tu, na maswali hajawahi kuyaogopa. Tangu hapo hakuna ombi lililotoka humu bila saini yake.

Jina alilipata hapo. Wafadhili walikuwa wakilipia saa moja kwa kila mgonjwa. Yeye akawaomba wakalimani wampimie: katika saa hiyo, mgonjwa mwenyewe anazungumza dakika ngapi? Hazikufika ishirini, kwa sababu kila kitu husemwa mara mbili, na mtu akilia, wote wanangoja. Akaliandika hilo ukurasa wa kwanza wa ombi, akaomba saa moja na nusu, akapewa. Mlinzi wa getini bado humtania kila asubuhi, anamuuliza leo amekuja kumnyang'anya nani dakika zake. Humjibu kwamba zile alizolala yeye mlinzi ni nyingi mno, aanze kuzirudisha.

Wasifu huu ungeweza kuishia kwenye sifa, lakini mwenyewe amesisitiza kosa lake lisirukwe. Mwaka wake wa nne ufadhili ulipunguzwa. Ili ombi lipite, alifuta mstari wa malipo ya wakalimani, akaandika kwamba ndugu wa wagonjwa watatafsiri. Likapita. Ofisi nzima ikanywa soda.

Wiki chache baadaye alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Mama Dakika aliketi pembeni akiandika kumbukumbu. Yule mama alizungumza kwa muda mrefu, macho sakafuni. Mtoto alianza kutafsiri vizuri, kisha sauti ikapungua, kisha akanyamaza kabisa. Mshauri akamngoja. Mwishowe mtoto akasema, "Mama anasema yuko sawa. Usingizi tu ndio hapati."

Mama Dakika hakuijua lugha ile, na hakuhitaji kuijua. Mtoto alikuwa amesikia jambo ambalo mama yake alimficha tangu walipokimbia, na alilisikia kwa sababu ya mstari uliofutwa ofisini. Siku hiyo hiyo alimwendea mkurugenzi, akasema kosa ni lake, akaomba kituo kipokee wagonjwa wachache zaidi ilimradi kila mmoja awe na mkalimani mtu mzima asiye ndugu yake. Ikawa hivyo.

Tangu hapo amewatafutia wakalimani mafunzo, mikataba, na siku moja kila mwezi ya kukaa wao wenyewe na mshauri. Hili la mwisho wafadhili hawakulielewa haraka. Aliwaeleza kwamba mkalimani hatumii maneno ya "yeye anasema". Husema "niliwaacha njiani", kwa mdomo wake mwenyewe, kana kwamba yaliyompata mgonjwa yamempata yeye, kisha huenda nyumbani kupika na kuogesha watoto. Hata yeye anahitaji mahali pa kuyatua.

Mwaka huu tulikosana naye, na haifai kulificha. Wafadhili waliandika kwamba wataongeza miaka mitatu, mradi wakalimani waondolewe, kazi yao ifanywe na programu ya simu na ndugu wa wagonjwa. Mama Dakika akakataa kusaini. Kwenye kikao tulimwambia yaliyokuwa mioyoni. Wengine tuna watoto wanaonyonya, na ufadhili ukikatika hakuna kituo, wala mgonjwa wa kupokewa. Dereva wetu hakumung'unya maneno: "Wewe unastaafu, Mama. Tutakaobaki na njaa ni sisi."

Mama Dakika akaisukuma karatasi ya wafadhili katikati ya meza. Kisha akasema, "Nilishasaini karatasi hiyo mara moja. Sisaini tena."

Alichofanya baada ya hapo hakuna aliyekitegemea. Kwa wafadhili watu huandika mafanikio, na penye aibu huandika "changamoto". Yeye aliandika barua ya ukurasa mmoja yenye kichwa "Kosa langu". Akaeleza mstari alioufuta, na mtoto aliyenyamaza, bila jina wala nchi. Akamalizia kwamba akiombwa kulirudia, anaomba wao watangulie kuweka saini. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akasema barua hii itafunga kituo, kisha akaituma.

Tulingoja wiki tano. Jibu limekuja Jumanne iliyopita: miaka miwili badala ya mitatu, wagonjwa wachache kuliko mwaka jana, na wakalimani wote wanabaki. Orodha ya wanaosubiri itakuwa ndefu, na yeye anajua hilo kuliko sisi. Dereva alikwenda ofisini kwa Mama Dakika, akafunga mlango. Walichoongea hatukijui, ila alitoka amebeba maboksi ya vitabu vya Mama na hakutaka msaada wa mtu.

Mume wake, fundi seremala, ametuomba tumvue saa ya mkononi kabla hajafika nyumbani. Tumejaribu, hataki.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunampokea mgonjwa mpya, mama wa watoto wanne. Watoto wake watakuwa shuleni.

Asante, Mama Dakika, kwa kutukatalia. Upumzike na mume wako na wajukuu, mwili uwe na afya, na moyo upate utulivu uliowatafutia wengine miaka yote hii.