Mama Kumbe na Neno Lake la Pili

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Kumbe atakabidhi funguo za ukumbi mkubwa na kustaafu rasmi. Mkurugenzi alikuwa tayari na hotuba. Mwenyewe akaikataa. Akasema asisomewe, aandikiwe, tena kwa herufi kubwa na nyeusi. Ndiyo sababu leo mimi mpishi nimeweka mwiko chini nikashika kalamu, na ndiyo sababu programu hii ya sherehe inasomeka hata na aliyesahau miwani. Kwa nini alitaka iwe hivyo, mtaona huko mbele.

Kwa wageni wa leo ambao hawajawahi kukaa kwetu, nyumba hii hupokea watu kwa mafungo ya siku chache. Hawaji kufunga kula, jiko langu ni shahidi. Wanakuja kujizoeza jambo linaloonekana dogo: kuwa pale walipo, akili na mwili mahali pamoja. Na hawajizoezi kwa kutazama ukuta kila mtu kivyake. Wanajizoeza mbele ya mtu mwingine. Huja mume na mke, ndugu wa tumbo moja, wafanyakazi wa ofisi moja, hata majirani waliogombea ukuta wa uani. Wanakaa wawili wawili, magoti yakitazamana. Mmoja anasema, mwenzake anasikiliza bila kujibu, bila kushauri, bila kuchungulia simu. Jaribuni nyumbani na mtu mnayempenda. Mtashangaa.

Mama Kumbe hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Aliajiriwa kupokea simu, kwenye kimeza kilichobanwa kati ya mlango wa mbele na stoo ya mashuka. Alitakiwa kuuliza mnakuja lini, mko wangapi, na kama kuna asiyekula nyama. Lakini mtu alikuwa anapiga kuulizia chumba, mara anajikuta anaeleza kwa nini anakihitaji, na anapokata simu chai yake imeshapoa. Mkurugenzi wa wakati ule aliona kwamba wageni wakishuka kwenye gari, kabla ya kuuliza choo kiko wapi, wanamuulizia yule wa kwenye simu. Basi akamtoa pale mezani akampeleka mafunzoni, akarudi na cheti na cheo cha mwezeshaji. Cheti alikipokea. Cheo hakukipenda hata siku moja, alisema kinamkumbusha kipuri cha gari.

Jina la Kumbe alilipata ukumbini. Katika miaka yake ya mwanzo aliona kwamba kinachowazuia watu kusikilizana si kelele. Ni neno "najua". Mke anaanza sentensi, mume anajua itaishia wapi. Dada anavuta pumzi, kaka anajua anataka kulia. Kila mmoja anaongea na picha ya mwenzake aliyoitundika kichwani zamani, wakati mwenzake mwenyewe amekaa pale pale anasubiri. Kwa hiyo akapiga marufuku neno hilo. Atakayelitamka, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kuombea chumvi mezani, anaosha sufuria moja jikoni kwangu. Ndugu zangu, kanuni hiyo ilinipumzisha mikono. Mkurugenzi wetu wa sasa, siku ya kwanza alipoelezwa, alijibu kwa heshima zote, "Najua." Akapewa ile kubwa kuliko zote.

Mahali pa "najua" aliweka "kumbe". Alipenda kusema kwamba "kumbe" ni neno la mtu ambaye picha yake imegeuka. Msikilizaji haruhusiwi kusema kitu kingine chochote, na hilo lenyewe asiliseme mpaka limtoke. Nalo haliigiziki kirahisi. Yeye alizitambua zote: kumbe ya adabu, kumbe ya dharau, kumbe ya umbea. Hiyo ya mwisho alidai ni mali yangu. Ile ya kweli, alisema, huchelewa, hutoka kwa sauti ndogo, na kichwa husogea mbele kidogo bila mwenyewe kutaka.

Hata namna ya kuwapata wenza ilikuwa yake. Wageni huacha viatu mlangoni na kupewa kandambili za nyumba. Yeye alizitenganisha, za kushoto kapu moja, za kulia kapu lingine, kila mtu akachota moja na kumtafuta mwenye pacha wake. Mtu hajaona kitu mpaka aone mameneja wakirukaruka kwa mguu mmoja ukumbini. Siku moja walikuja wabia wawili wenye duka la vifaa vya ujenzi, ambao kwa muda mrefu walikuwa wanazungumza kupitia mtunza stoo wao tu. Kandambili zikawakutanisha. Wakaomba kuchota upya, akawaambia kandambili hazirudishwi kapuni. Walikaa wamekunja nyuso, hadi jioni yule mnene akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Kumbe na wewe ulikuwa unaogopa!" Kesho yake waliondoka wakibishana wao kwa wao, moja kwa moja, na mtunza stoo nasikia alipumua.

Sasa nifike kwenye miaka ya karibuni, ambayo ndiyo ilinitia udadisi mkubwa. Mama Kumbe alianza kubadilika. Utulivu wake ulizidi. Mtu akisema, yeye alimkodolea macho usoni kana kwamba anasoma tangazo la kazi. Aligeuza viti vyote vya ukumbini ili kila anayesema atazame dirisha. Alikaa kimya kirefu kabla ya kutamka neno lake. Wageni waliowahi kuja zamani wakanong'ona kwamba huyu mama sasa amefika mbali, wengine tubaki kumtazama.

Halafu ukatokea mkasa wa mfuniko. Katikati ya kimya cha asubuhi, ukumbi mzima umefumba macho, mfuniko wa sufuria yangu kubwa uliniponyoka ukaangukia sakafu ya saruji na kuzunguka weee, kama vile hautaki kulala. Watu waliruka. Mwalimu mmoja wa hisabati alipiga kelele akamshika jirani yake mkono. Mama Kumbe hakupepesa hata jicho. Alibaki na tabasamu lake, mikono mapajani. Habari hiyo ilisimuliwa huku na huko, ikatiwa chumvi, ikaturudia imekuwa dari limeporomoka. Mkurugenzi akamwomba atufundishe wafanyakazi utulivu huo. Alikataa, akaona haya, akageukia dirishani. Tukasema, tazameni na unyenyekevu wake.

Mimi nilikuwa na maswali yangu madogo. Mbona nikimsemesha nimempa mgongo, nakoroga, hanijibu? Nilidhani amenuna kuhusu sukari, maana yeye hutia vijiko vinne kwenye kikombe na mimi humsema. Mbona simu yake ikilia mezani ananitazama mimi? Mbona miwani yake, ambayo tangu zamani huitafuta nyumba nzima ikiwa kichwani kwake, sasa haitoki machoni anapoongea na mtu?

Jibu lililetwa na binti yake. Ninayoyaandika hapa nayaandika kwa ruhusa yao wote wawili, na binti ndiye aliyesema nisipunguze. Ni mtoto wake wa pekee, msusi, amekulia katika korido hizi akiteleza na soksi, na siku hizi ana saluni yake katika mji mwingine. Alikuwa anakuja kila likizo. Ghafla akaacha kuja, akaacha na kupiga simu, na mama yake hakutaja sababu kwa kuwa, kama tulivyogundua baadaye, hakuijua. Kisha mwaka jana binti akaomba nafasi katika mafungo, kama mgeni mwingine yeyote. Alipokuja kuchukua chakula kwenye kidirisha changu nilimuuliza kulikoni. Akaniambia, "Mama anaisikiliza dunia nzima, mjomba. Nimekuja kupanga foleni."

Akanieleza. Siku mumewe alipofungasha nguo zake na kuondoka, alimpigia mama yake. Alilia, akasema yote. Na mama, huyu huyu ambaye watu husafiri kuja kusikilizwa naye, alimjibu kwa furaha, "Kumbe! Vizuri, mwanangu, vizuri sana!" Binti akakata simu. Tangu siku hiyo alijiuliza kama mama hakumpenda mumewe kiasi hicho, au hakumpenda yeye.

Idadi ya wageni isipokuwa shufwa, yaani mmoja akibaki bila mwenza, mwezeshaji naye huchota kandambili. Siku ile mmoja alibaki. Binti aliona mama yake ameshika ya kushoto yenye kamba ya kijani, akaona pacha wake mkononi mwa dereva mmoja mstaafu, akamfuata, wakabadilishana. Wakakaa, mama na binti, magoti kwa magoti. Mimi nilikuwa nafuta kidirisha ambacho hakikuwa na uchafu.

Binti alieleza yake akiwa ameinamisha uso, nywele zimemfunika, sauti ya mtu anayeona aibu. Mama alisogea, akainama, akajaribu kumchungulia chini ya nywele. Binti alipomaliza, ukumbi ukasubiri. Angeweza kusema neno lake. Wote tulilingoja, na hakuna ambaye angejua tofauti. Nililiona limefika midomoni, na nikamwona akilirudisha.

"Rudia," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Rudia, mwanangu. Sijakusikia. Nina muda mrefu sisikii."

Pale pale mbele ya watu akaeleza. Masikio yalikuwa yanaziba taratibu, mwaka baada ya mwaka. Ukumbini alisoma midomo na nyuso. Simu haina uso, kwa hiyo alikisia, na kwa kuwa binti yake mara zote alikuwa anapiga akiwa na habari njema, alikisia furaha. Aliogopa kusema, kwani mwezeshaji asiyesikia ni nani? Mfuniko wa mpishi, akaongeza, aliambiwa habari zake wakati wa chakula cha mchana.

Binti aliinua uso. Ilichukua muda. Kisha kichwa chake kikasogea mbele kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe."

Nimesikia kumbe nyingi kupitia kidirisha kile. Ile ndiyo ninayoikumbuka. Msusi akakusanya nywele zake zote akazifunga nyuma, akavuta kiti mpaka mwanga wa dirisha ukampiga usoni, akaanza upya tangu mwanzo. Nikafunga kidirisha, mimi mwenyewe, na wanaonijua watashangaa.

Kesho yake Mama Kumbe alileta barua ya kuacha kazi. Alisema amewadanganya watu. Safari hii mkurugenzi aliosha sufuria kwanza, kwa hiari, asije akateleza tena kusema "najua", kisha akamketisha ofisini wakatazamana. Alimwomba abaki hadi tarehe yake, kwa sharti kwamba kila kundi liambiwe ukweli siku ya kwanza. Alibaki, na aliwaambia. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye alikuwa amemlilia katika kile kipindi cha kukisia, aliporudi na kuelezwa alijibu kwamba maishani mwake hakuna mtu mwingine aliyewahi kumtazama usoni muda mrefu vile. Hilo nalifikiria mara kwa mara nikimenya viazi. Sijalimaliza.

Daktari wa masikio alimpa vifaa vidogo vya kuvaa, ambavyo hupiga mluzi vikikaribia birika langu, na birika hujibu. Vinasaidia nusu. Nusu iliyobaki ameifanya kuwa kanuni. Siku hizi kila msikilizaji ukumbini, hata mwenye masikio ya paka, lazima amwambie mwenzake "rudia" angalau mara moja. Tulidhani ni mchezo. Kisha tukaona kinachotokea: mara ya kwanza mtu husema alichojiandaa kukisema, na mara ya pili husema kilichomleta. Neno hilo la pili ndilo analotuachia, nasi tutaendelea nalo.

Anahamia kwa binti yake, karibu na saluni. Ameshachagua mahali pake pa kukaa, pale kwenye kona, kwa sababu saluni ina vioo kila ukuta na hata aliyekupa mgongo unaiona midomo yake. Umbea wote wa mji ule utampitia machoni. Wivu umenishika, nasema wazi.

Leo baada ya chakula hakutakuwa na hotuba. Kiti chake kimewekwa, na kingine mbele yake, kinachotazama dirisha. Kila mmoja wetu atakaa kwa zamu, ainue uso, aseme lake polepole. Najua wengi tutalia. Sufuria moja kwangu, basi, nitaiosha jioni.

Mama Kumbe, asante kwa masikio yako yalipokuwepo, na kwa macho yako yalipoondoka masikio. Tutakukumbuka ukumbini, na mimi nitakukumbuka kila nikifungua kopo la sukari. Tunakutakia maisha mema. Na kama mstari huo umekupita kwa kuwa miwani imerudi kichwani, usikisie. Tunarudia: tunakutakia maisha mema.